Ukifungua mlango, awepo wa kuitikia hodi

Siku tuliyozindua jukwaa letu la mtandaoni la kupokea mawazo kutoka nje ya taasisi, mimi ndiye niliyebonyeza kitufe cha kulifungua. Nilikuwa nimelipigania kwa zaidi ya mwaka: vikao vya bajeti, andiko la mradi lililorudishwa mara tatu, mivutano na mafundi wa kompyuta. Wiki ya kwanza mapendekezo yalimiminika. Yalitoka kwa wanafunzi, mafundi, wastaafu, na wahandisi wa nchi ambazo hatujawahi kufanya nazo kazi. Kila asubuhi niliyahesabu kabla sijafungua barua pepe zangu.

Kisha nikahamishiwa kwenye mradi mwingine. Baada ya miezi minne nililirudia jukwaa lile ili kuandaa taarifa ya mwaka, nikakuta mapendekezo mengi hayajafunguliwa hata mara moja. Mimi nilidhani wahandisi wanayasoma. Wahandisi walidhani ni kazi ya idara ya mipango. Idara ya mipango ilikuwa inasubiri kuletewa yaliyochujwa. Kati ya barua zile kulikuwa na tatu za mwalimu mmoja wa fizikia. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ina mchoro aliouchora kwa mkono na kuupiga picha. Ya pili iliuliza kama ya kwanza imefika. Ya tatu ilikuwa sentensi moja tu, ya kututakia heri.

Ile ya tatu ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Tangu hapo nimeshiriki katika miradi kadhaa ya aina hiyo, mingine ikafanikiwa, mingine ikafa, na kila ninapoombwa ushauri naanzia kwenye barua ya yule mwalimu. Taasisi nyingi huamini ugumu wa ubunifu huria ni kuwapata watu wa nje wenye mawazo. Watu wapo, na wanakuja. Ugumu uko ndani: nani atawaeleza tatizo wakalielewa, na nani atawajibu wakishaandika.

Nieleze kwanza jina lenyewe. Mwaka 2003 profesa wa Marekani, Henry Chesbrough, alilipa jina wazo ambalo lilikuwa limeanza kuonekana katika kampuni kubwa: kwamba taasisi haiwezi tena kutegemea maabara yake peke yake, kwa sababu maarifa yametawanyika kwa watu ambao haijawaajiri. Mawazo yaingie kutoka nje, na yale yaliyolala kabatini bila kutumika yatoke yakawafae wengine. Huo ndio ubunifu huria. Wahenga wetu walikwisha kusema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kilichobadilika ni kwamba intaneti imewezesha nywele za vichwa elfu kukutana kwenye ukurasa mmoja bila mtu yeyote kupanda gari.

Kukutana, hata hivyo, si kuelewana. Na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo nilipoona taasisi nyingi zikikwama, yangu ikiwemo.

Tulikuwa tunatengeneza mita za maji. Palikuwa na tatizo lililotusumbua kwa miaka: maji yakikatika na kurudi, mabomba hujaa hewa, na maji yanaporudi huisukuma ile hewa mbele yake. Hewa ikipita kwenye mita ya kawaida huizungusha sawasawa na maji, mara nyingine hata kwa kasi zaidi. Mteja analipia hewa. Malalamiko yalikuwa ya haki, nasi hatukuwa na jibu zuri. Tukaliweka tatizo hilo kwenye jukwaa. Andiko la kwanza liliandikwa na wahandisi, kurasa tano, limejaa viwango vya kimataifa, majina ya aina za mita na vifupisho ambavyo mimi mwenyewe nilihitaji kuvitafuta. Lilijibiwa na watu wachache, wote watengenezaji wa mita, na wote walipendekeza vitu ambavyo tulikwisha kuvijaribu.

Mara ya pili mwenzangu mmoja akaja na sharti gumu: tuliandike tatizo bila kutumia neno mita wala neno maji. Ilituchukua siku mbili nzima kwenye waraka wa pamoja, watu sita tukifuta na kuandika upya. Mwisho likabaki hivi: kimiminika kinapita ndani ya bomba; mara nyingine hewa hupita badala yake; tunahitaji njia ya bei nafuu ya kutambua kipi kinapita, bila kutumia umeme mwingi, ndani ya kifaa kitakachokaa ardhini miaka mingi pasipo kuguswa.

Jibu lililotufaa lilitoka kwa fundi wa vifaa tiba. Kazi yake ni kutengeneza pampu za dripu za hospitali. Pampu hizo zina kitambuzi kidogo kinachopeleka mawimbi ya sauti, yasiyosikika kwa sikio, kutoka upande mmoja wa mrija hadi mwingine. Mawimbi hupenya vizuri kwenye kimiminika na hukwama kwenye hewa, hivyo povu la hewa likipita pampu hulijua na kusimama kabla halijamfikia mgonjwa. Kwake yeye swali letu lilikuwa limekwisha kujibiwa zamani. Alituandikia aya tatu tu. Lile andiko la kwanza la kurasa tano angelipita bila kusimama, na alituambia hivyo alipoulizwa.

Sitaki nikupe picha ya muujiza. Kitambuzi cha hospitali hukaa karibu na umeme, chetu kingeishi kwa betri. Wahandisi wetu walihangaika karibu mwaka mzima, mpaka wakapata namna ya kukiamsha kwa vipindi vifupi tu, pale mwendo wa maji unapobadilika ghafla. Kazi kubwa ilifanywa na watu wa ndani. Lakini walikuwa wamesimama mbele ya ukuta, na mtu ambaye hakuwahi kushika mita ya maji maishani mwake ndiye aliyewaonyesha ufa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo si jambo la bahati. Mwaka 2001 kampuni ya dawa ya Eli Lilly ilianzisha huduma ya mtandaoni iitwayo InnoCentive, mahali ambapo taasisi hutangaza matatizo yao ya kisayansi na yeyote anaweza kuyajibu kwa zawadi. Watafiti, akiwemo Karim Lakhani wa Harvard, walichambua matatizo 166 yaliyokuwa yamewashinda wenye maabara. Karibu theluthi yalitatuliwa, na uwezekano wa mtu kufaulu ulipanda kadiri alivyoona tatizo liko mbali na fani yake. Mfano ninaoupenda ni wa mafuta yaliyomwagika Alaska mwaka 1989 kutoka kwenye meli ya Exxon Valdez. Miaka mingi baadaye bado kulikuwa na shida ya kuyashughulikia mafuta yaliyokusanywa, kwa sababu kwenye baridi kali yalichanganyika na maji na kugandamana hata pampu zikashindwa kuyavuta. Mwaka 2007 mkemia mmoja aliyewahi kushuhudia kazi ya zege alipendekeza kifaa cha mtetemo, kile kinachotumiwa na mafundi ujenzi ili zege lisigande kabla ya kumwagwa. Alipewa zawadi ya dola 20,000 za Marekani. Wataalamu wa mafuta walikuwa wamelitazama tatizo lao kama tatizo la mafuta. Yeye aliliona kama tatizo la kitu kizito kinachotaka kuganda.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio nitakaokung'ang'aniza zaidi ya mingine yote: kabla hujanunua programu yoyote, kabla hujachagua jukwaa, andika tatizo lako kwa lugha ambayo mtu wa fani nyingine ataisoma na kusema, kumbe hili nalijua. Mpe mtu asiyehusika kabisa na kazi yenu alisome. Akuulize maswali. Kila swali atakalouliza ni mahali ambapo mgeni angegeuka na kuondoka.

Tena liwe dogo. Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipotuma ujumbe wake maarufu kwenye mtandao Agosti 1991, hakuwaalika watu kuubadilisha ulimwengu wa kompyuta. Alisema anatengeneza mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, kama jambo la kujifurahisha tu, akauliza wasomaji wanapenda nini na hawapendi nini kwenye mfumo mwingine waliokuwa wakiutumia, uitwao Minix. Hilo ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu jioni moja baada ya kazi. Linux, ndivyo mfumo huo ulivyokuja kuitwa, ilikua kutokana na maswali ya ukubwa huo, moja baada ya jingine, mpaka leo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Linganisha na taasisi inayoandika kwenye tovuti yake: tuletee wazo lako la kuboresha huduma. Wazo gani? Huduma ipi? Mtu makini atakaa kimya, na utabaki na wale wanaopenda kuandika.

Jambo la pili linaogopesha zaidi. Huwezi kuomba msaada huku umeficha kidonda. Kisa cha Goldcorp nakirudia kwa kila mkurugenzi anayenisikiliza. Hiyo ilikuwa kampuni ya kuchimba dhahabu ya Kanada, yenye mgodi Red Lake, Ontario, ambao wataalamu wake hawakuwa na hakika tena dhahabu zaidi iko wapi. Mkuu wake, Rob McEwen, alikuwa amesikia habari za Linux na namna ilivyojengwa na watu waliotawanyika. Machi 2000 akafanya kitu ambacho katika biashara ya madini kilikuwa kama kuvua nguo hadharani: aliweka mtandaoni data zote za kijiolojia za mgodi ule, za tangu mwaka 1948, kiasi cha megabaiti 400, akaahidi zawadi za jumla ya dola 575,000 kwa watakaomwonyesha pa kuchimba.

Wanajiolojia wake mwenyewe walisita, na mtu akikaa kwenye viti vyao ataelewa. Data ndiyo siri ya mgodi. Na kuwaomba wageni waonyeshe dhahabu ni kama kutangaza kwamba walioajiriwa wameshindwa. Hata hivyo zaidi ya watu 1,000 kutoka nchi 50 hivi walijitokeza: wanajiolojia, ndiyo, lakini pia wanahisabati, wanafunzi, washauri, hata wanajeshi. Washindi walikuwa kampuni mbili za Australia zilizoungana, ambazo zilitengeneza picha ya mgodi yenye pande tatu kwenye kompyuta bila kuukanyaga mgodi wenyewe. Zaidi ya maeneo 100 yalipendekezwa, karibu nusu yakiwa mapya kabisa kwa kampuni, na zaidi ya asilimia 80 ya hayo mapya yalikutwa na dhahabu ya kutosha.

Angalia kilichofanya kazi pale. Zawadi ilisaidia, lakini Waaustralia wangefanya nini na zawadi bila zile megabaiti 400? Taasisi nyingi hutaka wageni wabuni gizani, kisha hulalamika kwamba mawazo yaliyoletwa hayaendani na hali halisi. Kama hujawapa vipimo, michoro, gharama na historia ya majaribio yaliyofeli, wageni watakuletea makisio, na hilo halitakuwa kosa lao. Sisi tulipoweka orodha ya njia tulizojaribu zikashindwa, ubora wa mapendekezo ulibadilika ndani ya wiki. Orodha ile ilikuwa imepingwa vikali kwenye kikao, eti itatuaibisha. Watu wa nje waliipokea kama heshima, kwamba tunawaamini.

Uwazi una mpaka wake, nao ni mtu. Data za mawe hazina wa kumuumiza, data za watu zinao. Kampuni ya Netflix ilitangaza shindano Oktoba 2006: dola milioni 1 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 namna ya kukisia filamu ambazo mteja atazipenda. Ilitoa alama zaidi ya milioni 100 ambazo wateja karibu 480,000 walizipa filamu walizotazama, majina yakiwa yameondolewa. Kama mfano wa ushirikiano wa mtandaoni shindano hilo lilikuwa darasa zuri ajabu. Timu zilizokuwa zikishindana ziligundua kwamba mbinu zao zikichanganywa zinafanya vizuri kuliko kila moja ikiwa peke yake, zikaungana. Kundi lililoshinda mwaka 2009 lilikuwa muungano wa timu tatu, na baadhi ya wanachama wake walionana ana kwa ana kwa mara ya kwanza siku ya kupokea zawadi. Lakini njiani watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kwamba kwa kulinganisha zile alama na maoni ambayo watu waliyaandika hadharani kwenye tovuti nyingine ya filamu, baadhi ya wateja waliweza kutambuliwa. Kukawa na kesi, na shindano la pili likafutwa mwaka 2010. Kuondoa jina hakutoshi kumficha mtu. Kama data zako zinahusu wateja, wagonjwa au wanafunzi, tafuta mtu anayejua kazi hiyo kabla hujapakia hata faili moja, na ukiwa na shaka, usipakie.

Sasa nirudi kwenye kujibu, maana ndiko nilikoumia.

Mwaka 2006 IBM, kampuni kubwa ya kompyuta, iliwaalika wafanyakazi wake, familia zao, wateja na washirika kujadiliana mtandaoni kwa vipindi viwili vya saa 72. Walishiriki zaidi ya watu 150,000 kutoka nchi 104, na michango ilifika 46,000 hivi. Kampuni ikatenga dola milioni 100 kwa ajili ya mawazo 10 yaliyochaguliwa. Taasisi zinazotaka kuiga huvutiwa na ile 150,000. Mimi huwaonyesha 46,000. Hiyo ni milima ya maandishi, na programu za kuchambua maneno hazikutosha. Wakuu wa kampuni walilazimika kukaa chini siku kadhaa kusoma na kuchagua. IBM walikuwa na watu wa kuwakalisha. Wewe unao wangapi? Fungua mlango kwa upana ambao wapokeaji wako wanaumudu. Kama una wasomaji wawili, uliza swali moja, kwa wiki tatu, ufunge, ujibu wote, ndipo uulize jingine.

Baada ya aibu ya mwaka wa kwanza tulijiwekea utaratibu ambao bado nautetea. Kila swali linalowekwa lina mwenyeji mmoja, mtu mwenye jina, si idara. Jina lake na picha yake vinaonekana juu ya swali. Kila anayeandika anapata jibu ndani ya siku tano za kazi, lililoandikwa na binadamu, linaloonyesha kwamba pendekezo limesomwa: nimeona unapendekeza hiki, nina swali juu ya hiki. Ukikataliwa unaambiwa kwa nini. Huo mwisho ulipata upinzani mkubwa kuliko vyote. Watu waliogopa mabishano. Kilichotokea ni kwamba walioelezwa sababu ndio waliorudi wakiwa na wazo zuri zaidi. Yule fundi wa vifaa tiba alikuwa mmoja wao. Pendekezo lake la kwanza, kwenye swali jingine kabisa, tulilikataa kwa aya moja ya maelezo.

Na huyo mwenyeji apewe muda. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona wahandisi wazuri wakipewa kazi ya kuwajibu wageni juu ya kazi zao zote za kawaida, kisha wakakaripiwa kwamba wamechelewa kote kuwili. Kama kazi hii haimo kwenye mpango kazi wa mtu na haipimwi mwisho wa mwaka, basi haipo.

Kuna jambo la moyoni hapa pia. Mwaka 1982 watafiti wawili, Ralph Katz na Thomas Allen, waliandika juu ya timu za utafiti zilizokaa pamoja muda mrefu, namna zinavyoanza kuamini kwamba zenyewe ndizo zenye maarifa yote ya fani yao na kupunguza mawasiliano na nje. Nimefanya kazi na timu hizo. Si watu wabaya. Wametumia miaka yao kwenye tatizo, na mgeni anapokuja na jibu la aya tatu wanaona miaka ile imedharauliwa. Ukipitia kwa wakubwa wao na kuwalazimisha, wataua wazo kimyakimya kwenye hatua ya majaribio, na hutajua limekufaje. Kwetu kilichosaidia ni kuwapa wao uchaguzi wa swali. Hatukuwaambia tunatafuta watu wa kuwasahihisha. Tuliwauliza: ni kitu gani kimekunyima usingizi, ambacho ungefurahi mtu yeyote duniani akikusaidia? Mhandisi wetu mkongwe alikaa kimya kidogo, kisha akasema hewa kwenye bomba. Swali lilikuwa lake tangu mwanzo, na jibu lilipokuja, alilipokea kama lake.

Kuhusu haki za anayeleta wazo, sitasema mengi, ila ziandikwe mapema na ziandikwe kwa ufupi. Mtu anayetuma wazo anataka kujua mambo matatu: likitumika atapata nini, jina lake litatajwa au la, na kama hamkulitumia anaweza kulipeleka kwingine. Kampuni ya LEGO, watengenezaji wa matofali ya plastiki ya kuchezea, inaeleweka kwa urahisi kwenye hili: mbunifu anaweka mfano wake kwenye jukwaa lao, ukipata waungaji mkono 10,000 unafikishwa kwa wakaguzi, na ukitengenezwa anapata asilimia 1 ya mauzo halisi. Mtoto anaweza kuuelewa mkataba huo. Wetu wa kwanza ulikuwa na kurasa kumi na nne na ulitwaa kila kitu kwa niaba ya taasisi, hata mawazo ambayo hatukuwa na nia ya kuyagusa. Mwanasheria wetu alikuwa anatulinda, ndiyo kazi yake, lakini hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba tunawaomba watu msaada. Alipoelewa hivyo, alituandikia ukurasa mmoja.

Vyombo vyenyewe nilivyovitumia ni vingi na sina ninachokupigia debe. Waraka wa pamoja ambao watu wanaandika kwa wakati mmoja, mahali pa majadiliano ambapo kila mada inakaa peke yake, na rekodi ya nani alibadilisha nini na lini: hivyo vinatosha kuanzia. Ile rekodi usiidharau, maana ndiyo itakayokuokoa siku mtu atakapodai wazo ni lake, au siku mtakapotaka kumshukuru kwa haki. Jihadhari na makundi ya WhatsApp kwa kazi ya namna hii. Ni mazuri kwa kuamshana, lakini wazo lililotumwa humo saa nne asubuhi linakuwa limefukiwa na salamu kufikia saa sita. Na vikao vya video vipunguzwe. Mtu wa nje ana kazi yake na saa zake, na mara nyingi ana intaneti ya kusuasua. Ukimpa maandishi anayoweza kuyasoma usiku na kuyajibu alfajiri, umempa nafasi sawa na yule mwenye mtandao wa kasi. Mradi wa Ushahidi, wa kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani mtandaoni, ulioanzia Kenya mwaka 2008 na wenye jina la Kiswahili chetu, uliwaingiza watu kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoipiga Haiti, jumbe fupi za waliokuwa kwenye vifusi zilitafsiriwa na Wahaiti waliokuwa nchi nyingine na kuwekwa kwenye ramani. Kizingiti kilikuwa chini kiasi hicho.

Kitu kimoja kilichonishangaza: baadhi ya michango bora tuliyopata kupitia jukwaa la nje ilitoka kwa watu wetu wenyewe. Msoma mita mmoja, ambaye kila mwezi hutembea nyumba hadi nyumba, alituandikia kwa barua pepe yake binafsi kama raia yeyote. Alikuwa ameona kwamba malalamiko ya hewa huongezeka kwenye nyumba za mwisho wa bomba, na alikuwa ameyaandika kwenye daftari kwa miaka. Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia msimamizi wake, alisema alimwambia. Kabla ya kutafuta akili za mbali, fungua swali lile lile kwa walinzi, madereva, watu wa mapokezi na wa stoo. Wape njia isiyopita kwa mkubwa wao. Daftari la yule msoma mita ndilo lililotuambia vifaa vipya vya majaribio vifungwe wapi.

Na yule mwalimu wa fizikia? Nilimwandikia. Ilikuwa imepita karibu mwaka na nusu tangu barua yake ya kwanza. Sikujitetea, nilimweleza kilichotokea, nikamwambia nimeusoma mchoro wake na nikamuuliza maswali mawili juu yake. Alijibu siku iyo hiyo. Alijibu yale maswali mawili kwa utulivu, kama watu tuliokuwa tunazungumza tangu jana, kisha chini kabisa akauliza kama wale wengine walioandika tumeshawajibu.

Tulikuwa hatujawajibu. Nilifungua orodha jioni ile ile, nikaanza na wa kwanza.